Mkalimani Asimame Wapi?

Barua zilizotufikia mwezi huu kutoka Tabora na Kigoma karibu zote zinahusu jambo moja, nalo ni viziwi kwenda kutazama maigizo yenye mkalimani wa lugha ya alama. Nimeanza na ile iliyo ndefu kuliko zote, kwa kuwa jibu lake linabeba sehemu kubwa ya majibu ya nyingine.

SWALI: Ndugu mwandishi, salaam. Mimi ni katibu wa kikundi cha viziwi hapa Tabora mjini, na barua hii naiandika kwa idhini ya wenzangu. Kundi la maigizo la chuo kimoja limetualika kutazama mchezo wao wa Kiswahili Jumamosi moja jioni, mchezo wa karibu saa mbili, na limetuahidi mkalimani mmoja. Wanachama waliojiandikisha ni 24. Wengi walisoma shule ya viziwi ya hapa Tabora. Wawili walisomea mikoa mingine na baadhi ya alama zao hazifanani na zetu. Na mzee wetu mmoja, mwenyeji wa upande wa Sikonge, hakuwahi kwenda shule na hutumia alama za nyumbani kwao tu. Mwaka jana tulialikwa mahali pengine, tukaketishwa nyuma, mkalimani tukawa tunamwona utosi, na tangu siku hiyo wapo wanaoapa kwamba hawatatoa tena nauli kwenda kutazama watu wakifungua na kufunga midomo. Tufanye nini ili safari hii isiwe kama ile? Na je, ni wajibu wetu kumchangia mkalimani?

JIBU: Ndugu Katibu, kabla hujaulizia nauli, kabla hata hujaanza kukusanya majina, ulizia mahali atakaposimama mkalimani na viti mtakavyokalia, kwa maana mengi mengine yanaweza kurekebishwa siku yenyewe, lakini hilo likishaharibika limeharibika. Mtu anayesikia huyaachia masikio kazi yake na macho kazi yake: anamwona mwigizaji akichomoa kisu na papo hapo anamsikia akitishia. Kiziwi ana macho tu, na kisu na maneno vyote vinapita mlango huohuo mmoja. Akimtazama mkalimani, kisu kinampita. Akitazama kisu, maneno yanampita. Hakuna mkalimani, hata awe hodari kiasi gani, anayeweza kuliondoa tatizo hilo. Linalowezekana ni kulipunguza, kwa kumsogeza mkalimani karibu na mchezo na kuwaketisha watazamaji mahali ambapo yeye na mwigizaji wanaonekana bila mtu kugeuza shingo.

Kwa kawaida mkalimani husimama pembeni mwa jukwaa, upande wa mbele, na viziwi hukaa upande huohuo. Wenyeji wenu huenda wakawapa safu ya kwanza kwa heshima, na mimi nawashauri muikatae kwa adabu, kwa sababu kutoka hapo mtu hugeuka kwa mkalimani, akageuka katikati ya jukwaa, akarudi tena kwa mkalimani, na ikifika nusu saa amechoka na ameamua kumtazama mmoja wao tu. Safu ya tatu mpaka ya tano ni nzuri zaidi, mradi mbele yenu pasikae mama mwenye kilemba cha harusi.

Msikubali kuambiwa kwa mdomo kwamba "mtaona vizuri". Nendeni ukumbini wawili, siku mbili tatu kabla ya onyesho, na mwende saa ileile ambayo mchezo utaanza. Mmoja apande asimame atakaposimama mkalimani, aanze kusimulia habari yoyote, hata ya bei ya mchele sokoni, na mwenzake ahame kiti baada ya kiti, akiweka alama ya chaki pale anapoanza kupoteza maneno. Mtakuta nguzo msiyoitegemea, au spika kubwa iliyopangwa kuwekwa palepale kwenye miguu ya mkalimani. Nasisitiza saa kwa sababu kumbi zetu nyingi zina madirisha mapana, na jua la saa kumi na moja jioni likiingia kwa dirisha la magharibi nyuma ya mkalimani, uso wake wote unageuka kivuli. Uso ukipotea, sehemu kubwa ya maneno imepotea nao, maana katika lugha ya alama nyusi, macho na mashavu si mapambo: ndivyo vinavyoonyesha kwamba hili ni swali na lile ni taarifa, kwamba huyu ana hasira na yule anadhihaki.

Mavazi nayo yanahusika. Mkalimani avae nguo isiyo na maua wala mistari, yenye rangi iliyo mbali na rangi ya ngozi yake, na asivae bangili wala pete zinazong'aa. Niliwahi kumwona dada mmoja, hodari kweli wa alama, aliyesimama jukwaani na gauni la kitenge cha maua makubwa, na mikono yake ikawa inapotea kifuani kama panzi kwenye nyasi.

Sasa nije kwenye maandalizi, ambayo huwa yanasahaulika. Waulizeni waandaaji kama mkalimani amepewa maandishi ya mchezo na kama anahudhuria mazoezi. Mkalimani anayeukuta mchezo kwa mara ya kwanza siku ya onyesho ni sawa na mwigizaji ambaye hakufanya mazoezi, na nashangaa kwamba mwongozaji asiyeweza kamwe kumvumilia wa pili huwa hana neno juu ya wa kwanza. Mtu anayetafsiri mkutano hufuata wasemaji wanaopokezana kwa utaratibu, lakini jukwaani wanaweza kugombana wanne kwa mpigo, na mkalimani mmoja mwenye mikono miwili lazima aonyeshe nani kasema nini. Hufanya hivyo kwa kugeuza mabega, kwa kubadili mkao, na kwa kumpa kila mhusika jina lake la alama. Hapo ndipo kikundi chenu kinaweza kusaidia. Mwalikeni mkalimani kwenye mkutano wenu wiki moja kabla, awaeleze wahusika, na majina ya alama myape nyinyi wenyewe: mfanyabiashara mwenye kovu apewe kidole kinachopita shavuni, bibi kizee apewe kono lake la mkongojo. Jina la alama likishakubaliwa na wote, mkalimani hana haja ya kutahajia "Mwinyikombo" kwa vidole herufi baada ya herufi kila anapotajwa, huku mchezo ukikimbia.

Mkutano huo utawasaidia pia wale wawili waliosomea mikoa mingine. Shule ya viziwi ya Tabora, iliyoanzishwa na Kanisa Katoliki mwaka 1963, ndiyo ya kwanza nchini, na zilizofuata zilianzishwa na watu wengine, mahali pengine, watoto wakakua na alama zao. Lugha ya Alama ya Tanzania inatuunganisha, lakini ina lafudhi na misamiati yake kama Kiswahili cha Unguja kilivyo na yake mbele ya Kiswahili cha Ujiji. Mkalimani akizijua tofauti hizo mapema, atachagua alama inayoeleweka na wengi.

Wapo watakaolalamika kwamba kusimuliwa mchezo kabla ya kuuona ni kuuharibu utamu. Siungani nao sana. Mtu anayejua takribani nani ni mke wa nani na ugomvi umeanzia wapi anaweza kuthubutu kuyaondoa macho kwa mkalimani na kumtazama mwigizaji mkono unavyomtetemeka. Mwisho wa hadithi tu ndio usisimuliwe.

Kuhusu idadi, mkalimani mmoja kwa saa mbili hatoshi. Katika mikutano wakalimani hupokezana kila baada ya dakika 20 au 30, kwa sababu akili huchoka kabla ya mikono, na anayeanza kuchoka huacha vipande vya maneno bila mwenyewe kujua. Onyesho lililofanyiwa mazoezi huvumilika zaidi, hata hivyo ombeni wawili. Wakishindwa kabisa, basi pawe na mapumziko katikati, na mapumziko yakiisha wasipige kengele peke yake bali wawashe na kuzima taa za ukumbi mara mbili tatu, la sivyo mtabaki nje mkinywa soda zenu.

Mzee wa Sikonge msimwache nyumbani. Anayejua alama za nyumbani tu hatamfuata mkalimani, lakini yupo bila shaka miongoni mwenu mmoja anayeelewana naye, kwa vile hata kikundini kuna mtu anayemfikishia habari. Huyo aketi naye pembeni kabisa mwa safu, asimfasirie neno kwa neno, ila kila tukio likibadilika amgeukie amsimulie kwa namna yao. Viziwi wanaowafasiria viziwi wenzao hutumika hata mahakamani katika nchi nyingine, na hakuna anayeifanya kazi hiyo vizuri kuliko wao.

Kumchangia mkalimani si wajibu wenu, wala asitozwe kiingilio. Malipo yake ni gharama ya onyesho, kama taa na maleba. Mkitaka kumnunulia chai baada ya kazi, hiyo ni hisani yenu. Na kama waandaaji watanung'unika kwamba mmealikwa bure na bado mnadai viti, taa na nguo zisizo na maua, waambieni kwa upole kwamba Tanzania iliuridhia mwaka 2009 Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu, na kwamba kifungu chake cha 30 kinautaja kwa jina ukumbi wa maigizo miongoni mwa mambo ambayo mtu mwenye ulemavu ana haki ya kuyafurahia kwa namna anayoweza kuipata, na kinazitaja lugha za alama na utamaduni wa viziwi kuwa vitu vinavyostahili kutambuliwa na kuungwa mkono. Ipo pia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010. Lakini ushauri wangu ni kuanza na chaki na viti, na kifungu kibaki mfukoni.

SWALI: Mimi ni mwongozaji wa kikundi cha maigizo mjini Kigoma. Tumeombwa tuweke mkalimani katika onyesho letu lijalo, nami sina kinyongo na viziwi, ila nahofia kwamba mtu anayepunga mikono mbele ya jukwaa atawaibia waigizaji wangu macho ya watazamaji. Je, si bora asimame chini, pembeni, nyuma ya spika, ambapo viziwi watamwona na wengine hawatamwona?

JIBU: Ndugu Mwongozaji, hofu yako ni ya kweli na haikuanza na wewe. Kwa dakika 5 za kwanza watazamaji wanaosikia watamtazama mkalimani, kama wanavyomtazama mtu yeyote anayefanya jambo wasilolizoea. Baada ya hapo mchezo wako ukiwa na nguvu watamsahau, na ukiwa hauna nguvu, ndugu yangu, hata mende akipita ukutani watamtazama yeye.

Ukimficha nyuma ya spika utakuwa umewarudisha viziwi palepale pa kugeuza shingo niliposema hapo juu, tena upande wa giza. Kuna njia bora zaidi, nayo ni kumwingiza mkalimani ndani ya picha yako. Mpange kama unavyopanga kiti na meza: akae kwenye kona ambayo sehemu kubwa ya mazungumzo inafanyika, na waigizaji wako waelekezwe kucheza tukio la ugomvi upande wake, si upande wa pili wa jukwaa. Wapo waongozaji wanaomvika mkalimani maleba na kumfanya kivuli cha mhusika, akimfuata popote aendapo. Inahitaji mazoezi mengi, na kwa kikundi kinachoanza nisingependekeza, lakini si jambo la ajabu. Marekani kuna kundi la maigizo la viziwi tangu mwaka 1967 ambalo limegeuza kabisa mpangilio huo: viziwi ndio waigizaji, wanacheza kwa alama katikati ya jukwaa, na wanaosikia ndio wanaotoa sauti.

Nikuombe jambo moja kuhusu taa. Mama yangu mzazi alikuwa kiziwi. Miaka mingi iliyopita nilimpeleka kwenye mchezo uliokuwa na mkalimani mzuri sana, tukakaa safu nzuri, na mambo yakaenda sawa mpaka tukio la mwisho, ambapo mwongozaji aliamua kuzima taa zote ili kifo cha kijana kisikike gizani kwa sauti ya mama yake tu. Ukumbi mzima ulinyamaza, nyuma yangu nikasikia watu wakivuta makamasi. Mama yangu akanigusa paja, akauchukua mkono wangu, na ndani ya kiganja changu akauliza: umeme umekatika? Nikamjibu kiganjani hivyohivyo kwamba hapana, kijana anakufa. Akaniuliza: kijana yupi? Mbele yetu kidogo kiziwi mmoja aliwasha tochi ya simu akammulika mkalimani mikononi, akafuata wa pili, akafuata wa tatu, na mkalimani, ambaye alikuwa amekwisha kushusha mikono kwa kukata tamaa, akaipandisha tena akamalizia maombolezo yaliyobaki. Kuna waliokasirika kwamba tochi ziliharibu giza. Mimi mpaka leo sikumbuki neno hata moja alilolia yule mama jukwaani, ila mikono ile katika mwanga wa simu tatu naikumbuka.

Kwa hiyo mpe mkalimani taa yake ndogo, isiyozimwa hata jukwaa likiwa giza totoro. Taa ya mezani iliyofungwa vizuri kwenye stendi inatosha. Fundi wako aambiwe kabisa kwamba taa hiyo haimo katika orodha ya kuzimwa.

SWALI: Shikamoo shangazi. Mimi ni mkalimani mwanafunzi, na nimepewa kufasiri igizo la kuchekesha lililojaa methali, mizaha ya maneno na nyimbo. Kuna sehemu mganga anamwagiza mteja wake alete "paa", akimaanisha yule mnyama, na mteja anarudi na bati la nyumba. Watu wote mazoezini wanacheka. Mimi nikiweka alama ya paa mnyama na kisha alama ya paa la nyumba, hakuna anayecheka. Nifanyeje? Na methali nizifasiri neno kwa neno?

JIBU: Marahaba mwanangu. Umekwama mahali ambapo wakalimani wakongwe nao hukwama, kwa hiyo usijilaumu. Mzaha wa "paa" unaishi kwenye sauti. Ukiutoa kwenye sauti umekufa, na ukiutahajia kwa vidole kisha ukaeleza maana zote mbili, utakuwa umeufanyia maziko tu. Lugha ya alama, kama ujuavyo, si Kiswahili kilichohamishiwa mikononi. Ina mizaha yake inayotokana na maumbo yake, kwa mfano alama mbili zinazotumia umbo lilelile la mkono na kutofautiana mahali zinapowekwa. Keti na kiziwi mmoja mcheshi, na kila kikundi kinaye, mwambie hali ilivyo: mganga anataka kitu, mteja anaelewa kingine, na kitakachoonekana jukwaani ni bati. Mwachie atafute alama ambayo mtu mzito wa kuelewa angeweza kuichanganya na alama ya bati au ya nyumba. Mnyama akibadilika akawa kitu kingine, hakuna hasara, maana kinachotakiwa ni kicheko wakati bati linapoingia. Ila mwambie mwongozaji, asije akadhani umekosea.

Mwambie pia kuhusu muda. Mkalimani hufuata nyuma ya msemaji kwa maneno machache, kwa hiyo viziwi hucheka baada ya wengine kucheka. Mwigizaji asiyejua hilo huanza sentensi inayofuata mara kicheko cha kwanza kinaposhuka, na viziwi wanaingizwa katika neno jipya wakiwa bado wanacheka la zamani. Asubiri kicheko cha pili. Waigizaji wakishakionja wanakipenda, kwa kuwa wanalipwa mara mbili kwa mzaha mmoja.

Kuhusu methali, jibu langu ni kwamba inategemea methali yenyewe na kinywa kilichoitoa. "Mpanda ngazi hushuka" inaonekana. Vidole viwili vikipanda na kushuka mkononi kila mtu ataelewa, na uzuri wake umebaki. Lakini "mtoto akililia wembe mpe", ukiiweka neno kwa neno mbele ya kiziwi ambaye hakuwahi kukutana nayo, ataona mzazi anampa mtoto wembe, na atamtazama mwenzake kwa mshangao. Hapo toa maana: mwache ajaribu, ataumia, atajifunza. Viziwi wengi waliosoma wanazijua methali nyingi kwa maandishi, kwa hiyo usiwadharau kwa kueleza kila kitu. Na kama mhusika anayeisema ni mzee anayependa kujikweza kwa methali, mpe mkao wa majivuno, mkono ushuke taratibu, ili ijulikane kwamba huyu anasema methali.

Nyimbo usizisimamie kama mtu anayesoma tangazo. Kama wimbo una kiitikio, alama zake zirudi kwa mdundo uleule kila unaporudi, mwili wako uende na ngoma. Kama ngoma ni za kweli na si za spika, wenyeji wanaweza kuwaruhusu viziwi waguse ukingo wa jukwaa, iwapo ni la mbao; sakafu ya saruji haipitishi mtetemo wa maana. Wapo wanaoshika puto lililojazwa hewa kati ya viganja viwili, na mtetemo wa ngoma unafika vidoleni waziwazi. Jaribu mwenyewe kwanza nyumbani ukiwa karibu na redio.

SWALI: Mwanangu wa miaka 9 ni kiziwi, na tunaishi Ujiji. Nimeambiwa kuna onyesho lenye mkalimani, lakini kiingilio na nauli si haba, na yeye alama ndiyo kwanza anajifunza. Je, si nitakuwa natupa pesa?

JIBU: Mama, kama pesa hiyo ni ya chakula, usiitoe. Kama si ya chakula, mpeleke. Hataelewa yote, na mtoto wa miaka 9 anayesikia naye haelewi yote. Atakachokiona, na ambacho pengine hajawahi kukiona, ni ukumbi uliojaa watu wazima wanaozungumza lugha yake hadharani bila haya, wakicheka na kubishana kuhusu hadithi. Watoto wengi viziwi huzaliwa katika nyumba ambazo hakuna kiziwi mwingine, na wapo wanaofikia umri wa mwanao bila kumwona kiziwi aliyezeeka. Mfike mapema, umweke karibu na kikundi cha watu wazima viziwi, na wewe mwenyewe ukae naye ukijifunza. Wasiokuwa na kikundi karibu wanaweza kuwaulizia viongozi wa Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, walio karibu nao. Tarehe 23 Septemba, ambayo ni Siku ya Kimataifa ya Lugha za Alama, nayo ni siku nzuri ya kuwatafuta.

SWALI: Nilihudhuria onyesho Tabora, na mwisho wake nikaona kundi la watu wamenyanyua mikono juu wakiitikisa vidole bila kupiga makofi. Je, walikuwa wanapinga?

JIBU: Walikuwa wanapiga makofi. Kiziwi hanufaiki na makofi yanayosikika, kwa hiyo mikono hupandishwa na kutikiswa ili mwenye kupongezwa aione. Siku nyingine nawe nyanyua yako.

SWALI: Kikundi chetu cha viziwi kilikodi Coaster kwenda na kurudi kutazama igizo. Kwenda tulifurahi. Wakati wa kurudi ilikuwa usiku, dereva akazima taa ya ndani, na safari nzima tukakaa kama mizigo wakati kila mmoja alikuwa na la kusema. Tulipofika mjini tuliteremka tukasimama chini ya taa ya kituo cha mafuta mpaka karibu saa sita, walinzi wakaanza kutushuku. Je, kulikuwa na njia nyingine?

JIBU: Madereva wengi huzima taa ya ndani kwa sababu mwanga wake hurudi kwenye kioo cha mbele na kuwasumbua kuona barabara, kwa hiyo dereva wenu hakuwa na nia mbaya, na msimlazimishe kuendesha akiwa haoni. Siku ya kukubaliana bei, kabla hamjatoa malipo ya awali, mwelezeni kwamba abiria wake huzungumza kwa mikono na kwamba gizani ni sawa na kufungwa midomo. Kisha mkubaliane taa za nyuma ziwashwe na za mbele zizimwe, na nyuma ya kiti chake mfunge khanga mbili kutoka upande huu wa gari hadi ule. Wanaotaka kusinzia wakae mbele. Wenye maneno wakae nyuma, na viti vya nyuma vitajaa kwanza.